Simu Isiyo na Waya

Mvua ya Kayole haibishi hodi.
Saa nne kasorobo ilitua juu ya mabati
kama gunia la kokoto lililopasuka,
na akisami nilizokuwa nikifundisha,
nusu, theluthi, robo,
zikafia mdomoni. Nilifungua, nikafumba,
kama samaki aliyesahau alichotaka kusema.

Watoto hamsini na wanne, Gredi ya Nne,
madawati ishirini na nusu
(hiyo nusu ndiyo akisami pekee waliyoielewa).
Nikafuta ubao. Nikaandika: TUCHEZE.

Kwanza, nyama nyama.
Kerubo alipanda kiti changu, akatangaza kwa mikono,
maana sauti yake haikufua dafu.
Pembe mbili, kiwele: ng'ombe! Wote juu.
Mabawa, shingo ya kudonoa: kuku! Wote juu,
vumbi likapanda na wao.
Kisha masikio marefu, mkia wa kufukuza nzi,
mgongo uliobebeshwa mitungi ya maji.
Darasa likaganda.
Wafula akaruka peke yake,
na mpaka leo anaitwa Mla Punda.

Halafu kifuniko cha soda,
ngumi kwa ngumi chini ya madawati,
na mmoja katikati akisoma nyuso.
Siku ile nilijua mambo ambayo fomu ya ripoti haina nafasi yake:
kwamba Mumbua hudanganya bila kupepesa,
kwamba Opondo, mtoro wa hisabati,
huhesabu mikono mia moja na sita kwa macho tu,
kwamba Wangeci, kifuniko kikimfikia,
hukipeleka kwa Barongo.
Kila mara. Kwa Barongo.

Mvua ikashusha pumzi.
Sasa mnong'ono ungeweza kusikika,
nikasema: simu.
Sikio la kwanza Mumbua,
la mwisho Halake, kule pembeni,
kando ya ndoo ya rangi inayokinga matone.
Alikuja muhula wa pili kutoka Marsabit, akaletwa na shangazi.
Tangu hapo tulikuwa tumesikia kwake neno moja,
"nipo", saa ya kuita majina,
nalo alilisema kama anayeomba radhi.

Neno likaondoka.
Nililiona likipita, viganja vikiwa pango,
mabega yakicheka kabla ya midomo,
likiruka nafasi kati ya dawati na dawati,
likikwama kwa Wafula, mwenye mafua,
likisukumwa, likienda.
Likafika kwa Halake.
Akakaa nalo.
Tone moja likaanguka ndooni. La pili.

"Sema!" wakapiga kelele. "Sema ulichopigiwa!"

Akasimama. Akasema, wazi, kwa sauti ambayo hatukuijua:
"Mama anarudi Ijumaa."

Kwa kawaida hapa ndipo kesi huanza.
Nani amekata waya? Nani ana masikio ya mbao?
Huwa tunarudi nyuma, sikio baada ya sikio,
mpaka mhalifu apatikane na kuzomewa.
Nikamtazama Mumbua. Alikuwa amefungua mdomo,
na nilijua alichotuma, kwa kuwa alininong'onezea mimi kwanza:
*Maharagwe ya Ijumaa yana mawe.*

Mumbua, ambaye hudanganya bila kupepesa,
akasema, "Ndiyo. Ndivyo nilivyosema."
Safu nzima ikaitikia, mmoja mmoja,
hata Wafula na mafua yake:
ndivyo nilivyosikia, ndivyo nilivyosikia.

Kengele ikalia. Hakuna aliyeona mvua ilikatika saa ngapi.

Ijumaa ilifika.
Maharagwe yalikuwa na mawe.
Halake aliyatoa mdomoni moja moja,
akayapanga ukingoni mwa sahani, manne,
akatazama langoni kidogo,
akatazama mawingu upande wa Njiru kwa muda mrefu zaidi,
kisha akaniuliza,
bila kuomba radhi,
kama leo itanyesha.